Shangazi Mize Hakuchemshwa

Jana usiku niliota nimesimama kwenye foleni ya mgahawa katika nchi ya joto, na nyuma yangu yuko shangazi yangu Mize, anajipepea kwa pindo la kanga.

Nieleze kidogo kabla sijaendelea. Naitwa Sikudhani, nafanya kazi katika kampuni ya kutembeza watalii hapa Arusha, na kazi yangu ni kuandika vile vikaratasi vya ushauri ambavyo wageni hupewa wakishuka kwenye ndege. Jana mchana nilimaliza kimoja kinachohusu kula nje. Kula penye foleni, niliandika, maana foleni ni dalili ya chakula kizuri. Epuka barafu. Hakikisha kizibo cha chupa ya maji hakijafunguliwa. Na mwisho, kwa herufi nene: kichemshe, kipike au kimenye, kikishindikana, kisahau. Bosi alikisoma akasema kimekaa vizuri, kikapelekwa kuchapwa. Nikaenda kulala sina wasiwasi na mtu.

Shangazi Mize ndiye aliyenilea. Anaishi Muheza, hajawahi kupanda ndege wala kuonyesha hamu ya kuipanda. Lakini kwenye ndoto tulikuwa tumesafiri pamoja, na sikuona ajabu.

Nchi yenyewe haina jina. Kibao cha mpakani kimeandikwa NCHI YA JOTO, basi, kama nilivyoandika mimi. Upande mmoja wa barabara mvua inanyesha, upande wa pili watu wameanika mihogo. Nilizaliwa na kukulia kwenye joto, lakini pale nilijiona mgeni kabisa, na nilikuwa nimevaa kofia pana.

Foleni haisogei. Nikamgusa bega dada aliyekuwa mbele yangu.

"Samahani, hapa wanauza nini?"

"Foleni," akasema.

"Na chakula?"

"Chakula kipo ndani. Lakini anayeingia ndani anapunguza foleni, na foleni ikipungua, mahali panakuwa pabaya. Kwa hiyo hatuingii."

Alionekana mtu aliyeridhika. Nikatazama mbele nikaona ni kweli: kila anayefika mlangoni anageuka na kurudi mkiani, wengine wakipeana pole na hongera njiani. Niliona ni utaratibu mzuri. Shangazi hakuona hivyo.

"Siku, hawa watu wana akili timamu?"

"Wanafuata ushauri, shangazi."

"Wa nani?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Shangazi akanishika mkono, akaipita foleni yote bila kumtazama mtu, akafika mlangoni na kupiga hodi.

Mlango ukafunguliwa na birika. Lilikuwa birika la kawaida la bati, lenye masizi chini, ila lilikuwa na urefu wa mtu na limevaa tai.

"Umechemshwa?" likaniuliza.

"Hapana."

"Umepikwa?"

"Nimetembea juani tangu mpakani."

Birika likaniwekea mdomo wake kwenye paji la uso, likapima. "Umeiva upande mmoja," likasema. "Ingia, utageuzwa ndani."

Halafu likamgeukia shangazi. Shangazi alilitazama tu. Nikaona birika linababaika, mvuke unatoka pembeni ya kifuniko.

"Shikamoo," likasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na wa nyumbani?"

"Wazima wote."

"Haya, nipishe."

Ukishamwamkia mtu mzima, huwezi kumuuliza tena kama amechemshwa. Haiwezekani. Birika lilijua hivyo na mimi nilijua hivyo. Likapisha. Ndivyo shangazi alivyoingia bila kukaguliwa, na shida yote ilianzia hapo.

Ndani ni benki. Tulipokaa ikawa mgahawa, ila yale madirisha madogo ya makeshia yalibaki, na vyakula vilikuwa vinapitishiwa humo. Kwenye meza ya jirani ndizi kubwa yenye miwani inammenya bwana mmoja aliyenenepa. Inambandua vyeo taratibu, kuanzia shingoni kushuka chini. Chini ya Mwenyekiti kulikuwa na Makamu Mwenyekiti, chini yake kulikuwa na Mjumbe wa Kudumu, na mtu mwenyewe alikuwa bado hajaonekana.

"Wa huku wana maganda mazito," ndizi ikaniambia. "Ukishuka sana unakuta mtoto wa darasa la tatu, mtamu kabisa."

Nikaishukuru kwa maelezo.

Kila meza ilikuwa na chupa ya maji ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Hakuna aliyekuwa anaifungua, maana ukishaifungua si ile tena. Watu wanaitazama, wanameza mate, wanasema alhamdulillahi, au bwana asifiwe, kila mtu na dini yake. Nami nikaitazama yetu. Haikukata kiu, lakini ilikuwa salama.

Kwenye kona lilikaa pande la barafu, peke yake. Watu wote waliokuwa karibu walikuwa wamegeuza viti vyao upande mwingine. Barafu lilikuwa linayeyuka, au linalia, ilikuwa vigumu kutofautisha.

"Nimewakosea nini?" likauliza.

"Wameambiwa wakuepuke," nikasema.

"Pole, mwanangu," shangazi akaliambia. "Njoo ukae na sisi hapa, kuna joto."

"Ndiyo tatizo," barafu likasema. "Nikikaa na watu nakwisha."

Shangazi akaguna, akasema hata yeye anazo siku za namna hiyo.

Kwenye dirisha la makeshia sauti ikauliza tunakula nini. Nikaomba wali mweupe uliopikwa, na karoti iliyochemshwa. Shangazi akaegemea kiti chake, akafungua mtandio shingoni kama mtu aliyefika kwake.

"Mimi nipeni pilau na kachumbari," akasema. "Kachumbari iwe nyingi, na pilipili pembeni."

Vijiko vyote vikalala mezani. Ndizi ikaacha kumenya. Yule bwana, ambaye sasa alikuwa amefikia Katibu Msaidizi, akajifunika kwa kitambaa cha meza.

Akatoka meneja. Lilikuwa yai la kuchemsha, kubwa, lisilo na doa, na lilitembea kwa uangalifu sana.

"Nani ametaja kachumbari?"

"Mimi," shangazi akasema. "Pilau bila kachumbari mtu anakulaje?"

"Kachumbari haijachemshwa, haijapikwa, na nyanya yake haikumenywa."

"Ndiyo kachumbari hiyo."

"Na wewe mama, nani alikukagua mlangoni?"

Kule mlangoni birika likatazama sakafu.

"Mtoto wa watu aliniamkia vizuri tu," shangazi akasema. "Usimsumbue."

Yai likanigeukia, likainama kiasi ambacho yai linaweza kuinama. "Wewe ndiye mwandishi," likasema. "Tumefurahi sana. Ushauri wako tunaufuata neno kwa neno."

Nikasema ahsanteni. Ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri. Kazini hakuna mtu anayesoma vikaratasi vyangu hadi mwisho. Kisha yai likasema kwamba kwa mujibu wa ushauri huohuo, mama huyu ni lazima ashughulikiwe kabla hajapoa. Nikauliza kupoa vipi, na yeye hajapashwa moto. Likasema ndiyo maana.

Wakaanza kwa kummenya. Kisu kidogo cha jikoni kilikuja kwa adabu, kikaomba radhi, kikaifungua kanga yake ya juu. Chini yake kulikuwa na kanga nyingine. Chini ya hiyo, nyingine, na nyingine tena, mpya na kuukuu, za harusi na za misiba. Shangazi alikuwa anazikunja moja moja na kunipa nimshikie. Mwishowe kisu kikakaa kitini, kikaomba maji. Kikaonyeshwa chupa.

Wakaleta sufuria la kumchemshia, kubwa kama la shughuli, na mafiga, na kuni. Shangazi akachungulia ndani.

"Maji haya nani kateka? Na kuni mbichi hizi zitawaka lini? Wewe, sogeza figa lile. Wewe, vitunguu viko wapi?"

Kabla sijajua nini kinaendelea, wapishi wote walikuwa wanatumwa na yeye, moto unawaka vizuri, iliki na mdalasini vinanukia mpaka nje kwenye foleni. Shangazi hakuwa ndani ya sufuria. Alikuwa juu yake, ameshika mwiko.

Yai lilisubiri mpaka akafunika na kupalia makaa juu. Halikukasirika. Lilikuwa linafuata utaratibu.

"Hamenyeki," likaniambia, "hachemshiki, na hapikiki. Imebaki ile ya mwisho."

Nilijua ni ipi, lakini nikauliza.

"Kumsahau. Kwa herufi nene."

"Yule ni shangazi yangu."

"Hukuandika kwamba shangazi haguswi."

"Basi naomba niongeze."

"Kimeshachapwa," likasema, kwa upole kabisa. "Watu wote humu watamsahau. Wewe utakuwa wa mwisho, kwa kuheshimu kazi yako. Ukishamaliza wewe, hatakuwa na mahali pa kuwa. Ataondoka mwenyewe, hatutamsukuma."

Nikaliambia sitamsahau. Likasema wote husema hivyo, na likaniletea kiti kizuri zaidi.

Ikaanza. Haikuuma, na hilo liliniogopesha kuliko maumivu. Kwanza ilitoka nyumba ya Muheza, na michungwa iliyo nyuma yake. Halafu ikatoka asubuhi ile aliyonibeba mgongoni kwenda shule kwa sababu ya matope. Nikawa najua kwamba kuna siku nilifika darasani na viatu visafi, lakini sijui ilikuwaje. Ikatoka sauti yake. Nikawa nimebaki na jina tu. Nikalishika kwa meno, nikalisema kwa nguvu, Mize, Mize, na watu kwenye meza nyingine wakaitikia "abee" kwa kunihurumia. Kisha nikawa nasema neno ambalo sijui ni la nini. Nilikuwa na uchungu mkubwa sana kifuani, na sikujua ni wa nani.

Nikaacha kulisema.

Mgahawa umekuwa uwanja wa mpira. Niko katikati, kwenye lile duara jeupe, nimekaa mkekani, na mbele yangu kuna sinia la pilau. Majukwaani imejaa foleni. Mvua inanyesha kwenye nusu moja ya uwanja tu. Yai limesimama kando, limetulia.

"Kula sasa," linasema. "Kazi imekwisha."

Nina njaa kweli. Najua pia kuna kitu nimesahau, vile mtu aliye njiani anavyojua kwamba ameacha jiko linawaka. Nanawa. Nakata tonge.

Mama mmoja anakatiza uwanja, upande wa mvua. Mtu mzima, kanga imelowa na kumgandia mabegani. Simjui. Anatembea polepole kuelekea kwenye lile tundu ambalo wachezaji hutokea, na ndani ya tundu hakuna mwanga, hakuna ukuta, hakuna kitu. Atapita karibu na mkeka wangu. Amepita.

"Karibu, mama," nikasema.

Sikukusudia. Mdomo ulisema wenyewe. Huwezi kuwa unakula, mtu akapita, ukanyamaza. Hata watu waliogombana hukaribishana, tena bila kutazamana. Hilo sikuliandika kwenye kikaratasi, maana haikunijia akilini kwamba kuna mtu duniani anayehitaji kuelezwa.

Yai likashtuka kidogo. Yule mama akasimama.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimeshiba. Endelea tu."

Yai likatulia. "Umekaribisha, amekataa," likasema. "Adabu imetimia. Kula."

Na kweli ndivyo mambo yanavyokwenda. Wewe unasema karibu, mwenzako anasema nimeshiba, kila mmoja anajua kwamba huenda si kweli, na hakuna anayedaiwa kitu. Nimeyasema maneno hayo tangu nikiwa mtoto, nikiwa nakula na nikiwa napita na njaa yangu. Lakini yule mama hakuondoka mara moja. Alikuwa anatazama sinia.

"Umekula wapi, mama?"

"Huko nilikotoka."

"Wapi?"

Akafikiri. Nilimwona anajaribu. "Sikumbuki," akasema.

"Ulikula nini?"

"Sikumbuki, mwanangu."

"Basi hujashiba. Njoo ukae."

"Nitakumalizia chakula chako."

"Nimalizie."

Yai likaja likibingirika kutoka pembeni. "Hairuhusiwi kusisitiza," likasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mara moja inatosha. Mara ya pili haipo kwenye mwongozo!"

"Kwetu ipo," nikaliambia.

Nikainuka, nikaingia kwenye mvua, nikamshika mkono. Naomba hili lieleweke: nilikuwa simjui. Sikuhisi chochote cha kunikumbusha, sikusikia harufu wala sauti niliyoizoea. Alikuwa mama wa watu aliyelowa, anayedanganya kwamba ameshiba, na mimi nilikuwa na sinia zima. Nilimvuta mpaka mkekani, nikamkalisha, nikachukua jagi nikamnawisha, na bakuli nikalishika mwenyewe.

Akala. Tonge la kwanza alilikata dogo, kigenigeni. La pili likawa tonge la mtu mwenye njaa. Aliendelea kula na mimi nikaendelea kumtazama, bila kujua kwa nini siwezi kuacha.

"Siku," akasema, mdomo umejaa, "mbona unanikodolea macho? Kula na wewe, pilau linapoa."

Sikuwa nimemtajia jina langu.

Akanirudia mzima mzima. Michungwa, matope, mgongo wake uliokuwa na joto, sauti, kila kitu, kwa mpigo, kama mzigo uliotupwa mapajani. Nililia huku nikila, jambo ambalo simshauri msafiri yeyote, maana wali unapita njia isiyo yake. Shangazi akanipiga mgongoni. Hakuuliza nalia nini. Akasema tu kwamba hata kachumbari hawajaleta bado.

Yai lilikuwa limesimama pembeni ya sinia, limefadhaika. "Sasa wakubwa nitawaambia nini?" likauliza.

Shangazi akaligeukia. "Wewe umechemshwa?"

"Kikamilifu," yai likasema, kwa fahari.

"Umemenywa?"

Yai likajipapasa ganda. "Bado," likasema.

Shangazi akaligonga taratibu kwenye ukingo wa sinia. Halikupinga. Lilisema tu, wakati ganda linatoka, kwamba utaratibu umefuatwa. Akaligawa, akanisogezea upande wangu pande kubwa. Kachumbari nayo ikaletwa, kwenye bakuli la udongo, bila mtu yeyote kusema neno, na foleni yote majukwaani ikaanza kushuka uwanjani kuja kula.

Tukala mpaka sinia likabaki jeupe. Shangazi akajinyoosha, akashukuru Mungu, akakaa ameinua mkono wake wa kulia ili asiguse nguo. Nikageuka kuchukua jagi nimnawishe. Nimeshalikaribia, vidole vyangu viko kwenye mkono wa jagi.

Simu ikaita.

Niko Arusha, kitandani, jua limeshaingia hadi kwenye neti. Kwenye kioo cha simu limeandikwa jina la Shangazi Mize. Nililisoma lile jina kwa sauti kabla sijapokea, na moyo wangu ukatulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe je?"

"Mzima, ila nimekukasirikia."

Nikakaa kitako. Nikamuuliza nimefanya nini.

"Hapa nilipo chai imenishinda," akasema. "Nimeshiba mpaka kooni, na jana nililala na kikombe cha uji mtupu. Sawa, hilo silalamiki. Lakini mkono wangu wa kulia wote ni mafuta, punje za wali zimenigandia kwenye vidole, na shuka nililolifua juzi limeharibika. Siku, mimi nilikulea hivyo? Unamvuta mtu mkono, unamkalisha, unamlisha mpaka anashiba, halafu unaondoka zako hujamnawisha?"

"Nisamehe, shangazi," nikasema. "Nilikuwa nimeshafika kwenye jagi, ndiyo ukapiga simu."